Mfuko wa Mchanga na Benchi la Mlangoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliotoka Chang'ombe na Kinondoni kuja kukaa nasi leo hapa Temeke. Asifiwe na wazima, asifiwe na wagonjwa, na asifiwe hata na goti langu hili la kulia, ambalo kwa muda wa karibu mwaka mzima lilikataa kumpigia.

Jina langu ni Samweli. Nilizaliwa Unyamwezi, nikabatizwa huko huko nikiwa kijana, kisha nikaja Dar es Salaam kutafuta kazi. Nilipata utarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Kazi yangu ni kupeleka barua na majalada, kurudisha majalada, kupanda ngazi na kushuka ngazi. Kwa miaka mingi nilizipanda ngazi zile bila kuzifikiri, kama mtu anavyopita mlangoni pa nyumba yake. Hapa kanisani nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa nikiwa bado na nguvu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Mtasikia mbele jinsi heshima ile ilivyonigeukia.

Mke wangu Bwana alimchukua. Binti yetu wa pekee ameolewa Tabora. Nikabaki peke yangu katika chumba kimoja cha kupanga, nyumbani kwa mtu mmoja aitwaye Kondo, Mzaramo wa hapa hapa, Mwislamu. Mtamsikia tena. Mtu akifiwa hupata watu wengi kwa muda, halafu wanapungua, halafu unabaki na sahani moja. Lakini kanisa nilikuwa nalo. Nilikuwa na Jumapili, na kikao cha wazee, na rafiki yangu Tito, Mnyamwezi mwenzangu, ambaye kila baada ya ibada tulikwenda naye chumbani kwangu tukala ugali na kukumbuka kwetu. Nilikuwa nasema moyoni, haya yananitosha.

Mwaka uliofuata goti likaanza.

Lilianza mbele, nyuma ya pia ya goti, kile kifupa cha mviringo. Sikuanguka wala sikugongwa. Siku moja nikishuka na majalada nikasikia kama mtu ameingiza msumari pale. Kupanda kulikuwa afadhali, kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Nikikaa muda mrefu nimekunja mguu, liliwaka. Hata chooni, akina mama mnisamehe, nilishika ukuta. Na kupiga magoti, ndugu zangu! Kupiga magoti kulikuwa kama kupiga goti juu ya kaa la moto.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hukuwaambia watu? Hapo ndipo penye aibu yangu.

Miaka miwili kabla ya hapo, mama mmoja wa kanisa letu, Mama Rebeka, yule anayekaanga vitumbua karibu na soko, alianza kukaa kwenye benchi wakati wa maombi, sisi wengine tumepiga magoti. Mimi, mzee wa kanisa, nikamsimamisha nje watu wakitoka. Nikamwambia, "Mama, mbele za Mungu hatukai kama tuko barazani."

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Ni magoti, mzee wangu."

Nikamwambia mbele ya watu kwamba kinachomzuia si magoti, ni kiburi. Akasema, "Haya, mzee wangu," akaondoka. Jumapili iliyofuata alipiga magoti. Nilimwona ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili na machozi yanamtoka, na mimi nikafurahi. Nilidhani ni machozi ya toba.

Je, mtu aliyesema maneno yale ataanzia wapi kusema, "Nami goti linaniuma"? Sikuweza. Nikatafuta mahali pa kujificha.

Ninyi wa Temeke mnalijua benchi la mwisho, lile la mlangoni. Wageni niwaeleze. Hapa kwetu mtu aliyetengwa na meza ya Bwana kwa kosa fulani hukaa pale mpaka atakapopokelewa tena. Haendi mbele kupiga magoti na kupokea mkate. Na desturi yetu ni kutomuuliza neno, ili asiaibike, aachwe atafakari. Tulifanya hivyo kwa upole. Mimi mwenyewe nimewaacha wengi pale kwa upole huo.

Basi benchi lile halina benchi jingine mbele yake kwa upande wa mlango. Mguu unanyooka mpaka mwisho. Nikajiambia, nitakaa pale Jumapili moja tu, goti lipumzike. Jumapili ile ikawa ya pili, ikawa ya tatu. Siku ya meza ya Bwana wenzangu wakaenda mbele, nami nikabaki nimeketi.

Hakuna aliyeniuliza. Salamu zikawa fupi. Mtu aliyekuwa akinishika mkono akawa ananiinamia kichwa na kupita. Kikao cha wazee kilifanyika, sikuitwa. Orodha ya kutembelea wagonjwa ilisomwa, jina langu halikuwemo. Tito akawa anatoka kwa mlango wa pembeni. Jumapili ya kwanza nilipika ugali wa watu wawili. Ya pili pia. Ya tatu nikapika wa mtu mmoja.

Nikasema, wamenichoka. Mjane, hana mtu, wa nini? Nami sikuuliza. Kimya hicho nikakiita uvumilivu.

Nitawaambia siku moja tu, mzijue nyingine zilivyokuwa. Mnajua kwaya yetu huzunguka mchana wa Jumapili kuwaimbia wagonjwa majumbani. Nikawasikia wanakuja kwa mtaa wetu. Nikaondoa nguo juu ya kiti, nikasafisha vikombe, nikatandika kitambaa cha meza alichoshona marehemu mke wangu. Wimbo ukakaribia, ukafika mlangoni, nikasimama kwa fimbo. Ukapita. Walikuwa wanakwenda kwa mgonjwa wa nyumba ya tatu. Nilisimama pale mpaka ubeti wa mwisho, nikakikunja kile kitambaa.

Na Tito, ndugu zangu! Jumatatu moja nikiwa bombani nasubiri zamu ya maji, nikawasikia akina mama wakisema mzee Tito amerudi kwao moja kwa moja, ameondoka na treni ya Jumamosi. Sikwenda stesheni kumuaga kwa sababu sikujua. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu.

Nilifunga na kuomba. Nilimwomba Bwana aliponye goti mara moja, asubuhi niamke nikimbie. Nililifunga kwa kitambaa nikakikaza, nikanunua fimbo ya nyumbani na kazini, kanisani sikwenda nayo, nikawa nikitoka kazini nakaa tu, siugusi mguu ule. Kazini wakaniweka chini mlangoni, kijana mwingine akapewa ngazi. Na kadiri nilivyokaa ndivyo goti lilivyozidi.

Sasa nije kwa Kondo.

Kondo alikuwa dresa jeshini wakati wa vita, maana yake msaidizi wa daktari, mfunga vidonda, katika hospitali ya askari waliojeruhiwa. Na mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani hana breki. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kuchukua kitu chako na usikasirike, mpaka ukikomboe. Kanisa zima lilikuwa na adabu mbele yangu, hakuna aliyeniuliza. Kondo hakuwa na adabu hiyo, na Mungu akamtumia.

Alasiri moja narudi kazini, yeye amekaa barazani. Akapaza sauti mtaa usikie.

"Wee Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo, miguu mitupu. Wewe umebeba nini hata unatembea kama bata?"

Nikamwambia, "Nimebeba maneno yako, mtani. Ndiyo mazito kuliko pembe."

Akacheka, akanipokonya fimbo, akaikalia. "Hii nimeiteka. Utaikomboa siku utakaposhuka baraza hili bila kushika ukuta. Kaa hapa nione."

"Nipe fimbo yangu, Kondo. Sina nguvu ya utani."

"Ndiyo maana nakutania. Kaa."

Akanifungua kile kitambaa. Akabonyeza huku na huku, akaniambia nikunje, nikunjue. Kisha akaingia ndani akaleta uzi, akapima paja la kushoto, akafunga fundo. Akapima la kulia. Uzi ukabaki upana wa vidole viwili.

"Umeona?" akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Goti lako halijaoza. Ni paja limelala usingizi. Hii pia ya goti inavutwa na nyama za paja. Zikikonda, hiyo pia inakwenda ovyo, inasugua, inauma. Nawe ukiumwa unazidi kulilaza. Umelifunga kama maiti, litaponaje?"

Nikamwuliza dawa yake ni nini. Akasema, "Kazi."

Akanieleza kwamba katika hospitali ile askari wenye magoti mabovu walipangwa vitandani, na bibi mmoja wa Kizungu mwenye filimbi akawasimamia asubuhi na jioni, kaza, shikilia, legeza. Mwanzoni askari walimcheka. Baada ya miezi walishuka ngazi kwa miguu yao. Yeye Kondo alikuwa akihesabu.

Basi nikaanza. Kwanza kulala chali, kukaza paja mpaka nione pia ya goti inapanda, na kuinua mguu ulionyooka shubiri moja. Kisha kuketi ukingoni mwa kitanda, kuunyoosha mguu polepole, kushikilia kwa hesabu ya kumi, kuushusha polepole kuliko nilivyoupandisha. Mara kumi, pumzika, mara kumi, pumzika, mara kumi. Baadaye Kondo akashona mfuko kwa shati lake kuukuu la kaki, akajaza mchanga wa Mtoni, akanifunga mguuni. Akasema, "Haya, mpagazi! Leo nakubebesha kwa mguu."

Lakini sikilizeni upumbavu wangu. Niliona kazi ile kama maombi, kwamba nikizidisha nitasikiwa upesi. Wiki ya kwanza ya mfuko nikafanya mara mia tatu kwa siku moja. Kesho yake goti lilivimba, sikuweza kuvaa suruali. Nikamwambia Kondo Mungu amekataa.

Kondo akafoka! "Mungu amekataa nini? Umeambiwa thelathini, umefanya mia tatu! Unataka kumhonga Mwenyezi Mungu kwa goti?" Kisha akaketi akanieleza kama mwalimu. Maumivu madogo wakati wa kazi, yakaisha kabla ya kesho, hayo si adui. Yakilala nawe mpaka asubuhi, umezidisha, punguza mchanga. Wala usiache. Akasema tena, "Hesabu miezi, Mnyamwezi. Usihesabu siku."

Ndugu zangu, mimi nilimwomba Bwana muujiza wa asubuhi moja. Bwana akanipa miezi mitatu na zaidi na mfuko wa mchanga. Sasa namshukuru, kwa sababu miezi ile ilinifanya kitu ambacho asubuhi moja isingenifanya.

Nitawaambia ni kitu gani. Ile hesabu ya kumi, mguu ukiwa umenyooka, ilinichosha kuihesabu kwa namba. Chumba kimya, mtu peke yake, moja, mbili, tatu. Nikaanza kuhesabu kwa majina. Nilichukua watu wa kanisa hili walioacha kunisalimu, nikawataja mmoja mmoja mbele za Bwana. Mwanzoni niliwataja kwa uchungu, kama mtu anayeshitaki. Tito alikuwa wa kwanza. Mchungaji alikuwa wa tano. Jina la kumi, pale mguu unapotetemeka na mtu anataka kuushusha, sikujua nimweke nani. Siku moja mdomo wangu ukasema, "Mama Rebeka." Wala yeye hakuwa ameacha kunisalimu. Ni mimi niliyeacha kumsalimu.

Kila siku mara thelathini nilimtaja, na kila mara goti likinikumbusha alivyokuwa ameshika benchi. Nikafahamu machozi yale yalikuwa ya nini.

Mwezi wa pili Kondo akaniongezea kupanda na kushuka kidaraja cha baraza, mguu wa kulia ukinishusha polepole. Mwezi wa tatu nikashuka baraza zima bila kushika ukuta. Akanirudishia fimbo mbele ya majirani. "Chukua kuni zako," akasema. Nikaitia jikoni tukachemshia chai. Chumbani nikajaribu kupiga magoti juu ya mto, kisha juu ya mkeka, kisha sakafuni. Likakubali! Nililia peke yangu, hakuna wa kumwambia isipokuwa Kondo, naye aliniambia, "Sasa nenda kwa wenzako. Mie nimechoka kuwa kanisa lako."

Ikaja Jumapili ya meza ya Bwana. Mchungaji wetu, kama mjuavyo, ana makanisa mengi, hutufikia mara moja kwa mwezi. Nikavaa koti langu jeusi. Wenzangu walipoitwa, nikainuka kwenye benchi la mlangoni, nikaja mbele kwa miguu yangu miwili. Nikapiga magoti. Niliinama nikasikia nyayo za mchungaji zikija kutoka upande wa kushoto. Akampa jirani yangu mkate. Kisha nikaona viatu vyake mbele yangu. Vikasimama kidogo. Vikapita.

Ndugu zangu, goti halikuuma hata kidogo. Goti lilikuwa zima kabisa, na sijawahi kuumia namna ile tangu nizaliwe.

Wenzangu waliinuka wakarudi. Mimi sikuinuka. Si kwa ushujaa, sikujua niende wapi. Ndipo sauti ikatoka upande wa akina mama.

"Mchungaji, unisamehe. Mzee huyu amekosa nini?"

Alikuwa Mama Rebeka, amesimama.

Mchungaji akamwambia kwa upole, "Mama, hilo ni jambo la wazee."

Mzee mmoja akasema, "La wazee? Sisi hatujamtenga. Tulidhani ni wewe, mchungaji."

"Mimi?" akasema mchungaji. "Nilimkuta pale benchi la mlangoni. Nikadhani ninyi mmekwisha amua."

Wakatazamana. Kumbe hakuna aliyenitenga! Mwaka ule wote hapakuwa na kosa lililoandikwa, wala lililosemwa. Palikuwa na mtu mmoja aliyeficha goti, na watu wengi wenye adabu.

Mama Rebeka akasema, "Alikuwa mgonjwa wa goti. Nilimwona akishuka kidaraja pale mlangoni kwa ubavu, kama ninavyoshuka mimi. Anayeshuka hivyo ni goti."

Mchungaji akamwuliza, "Mbona hukusema, mama?"

"Niliwahi kusema habari za magoti hapa," akajibu. "Sikuaminiwa."

Nikageuka pale pale nilipokuwa nimepiga magoti, nikamkabili yeye na kanisa lote. Nikasema, "Ni mimi niliyekataa kumwamini. Nilimwita mwenye kiburi, na kiburi kilikuwa changu. Mama Rebeka, nisamehe."

Akasema, "Nimekusamehe, mzee wangu. Geuka upate mkate wako. Watu wengine bado hawajapata."

Watu walicheka huku wakilia. Mchungaji akarudi na mkate. Nikapokea. Asifiwe Bwana!

Kondo nilipomweleza alisema tu, "Kumbe na nyie mna utani wenu, ila wenu unaua." Jumanne Mama Rebeka alikuja na sahani ya vitumbua, akaketi kwa taabu, akasema, "Sasa huo mfuko uko wapi?" Kondo akapima uzi, akamshonea wake, na mchanga kidogo. Ilichukua muda mrefu kuliko kwangu, maana magoti yake ni mawili na aliyatesa karibu miaka mitatu kwa neno langu. Siku hizi hushuka pale mlangoni akitazama mbele. Na wakati wa maombi, akichoka, hukaa, wala hapana anayemwambia kitu.

Sitawadanganya kwamba yote yamerudi. Tito nilimwandikia barua ndefu kumweleza. Jibu halijaja. Kila Jumapili bado napika ugali wa watu wawili, maana siku hizi mtu huja, lakini siye yeye.

Nawaalika, ndugu zangu. Mwenye goti linalouma aje nyumbani kwangu Jumamosi alasiri, mifuko ipo minne, na Kondo atawatukana bila ubaguzi. Mwenye jambo analolificha, aliseme. Mtumaini Bwana hata anapokuponya polepole, kwa mkono wa mtu usiyemtazamia, mara kumi, pumzika, mara kumi.

Nami naomba kukatiza hapa. Tangu nianze kusema namwona mtu ameketi peke yake benchi la mlangoni. Sijui kama ni kosa, au ni msiba, au ni goti. Imbeni wimbo, mimi nakwenda kukaa naye nimwulize.